Chozi

Tuliipa jina la ndege,
yule mdogo wa maua ya mgomba,
mdomo sindano, mgongo unaowaka juani.
Thoya alimchora mwenyewe kwenye tangi la kwanza,
ubawa wa buluu, na chini yake herufi tano.
Mji ukasoma vingine.
“Leo mmetoa machozi mangapi?”
hutuuliza wapasua mbao wa Maweni,
nasi hucheka, maana swali lina jibu:
mwaka wa kwanza kumi na moja, wa pili sita,
mwaka huu moja, na mwenyewe hajamaliza kulipa.

Mimi nashika daftari.
Kuchomelea sijui. Najua hili:
chuma twanunua fito mbili, fito tatu,
kama mama anunuaye mafuta ya kupima,
na mwenye kupimiwa hulipa kuliko mwenye pipa.
Injini huja nne nne katika kontena la mtu,
chini ya vigae vyake vya choo.
Vigae vikazuiliwa Kilindini, nasi tukazuiliwa,
siku arubaini na tatu.
Injini zilitozwa malazi kama wageni wa hoteli za ufuoni;
Thoya, aliyekosa kodi ya chumba,
alilala karakanani, kichwa juu ya tairi.

Na chumvi. Hakuna aliyeiandika kwenye mpango.
Fremu ya Jumatatu, rangi ikichelewa,
Alhamisi ina choa.

Akaja mkaguzi, mtu mpole, akala mahamri mawili,
akataka pikipiki moja aivunje
ndipo athibitishe kuwa haivunjiki.
“Wenye elfu kumi huvunja,” alisema, “wala hawasikii.”
Tuliivunja.
Tulisikia.

Hata hivyo nilidhani dawa ni mkopo,
hadi asubuhi ile Kahindi wa Kakuyuni
alipoingia uani akiisukuma ya kwake, nambari tatu,
iliyobeba mihogo, mabati, mbuzi, na siku moja jeneza,
bila kulalamika.
Kebo ya klachi ilikatika Ganda, siku ya soko.
Aliuliza duka kwa duka.
Kebo zilikuwepo, zinaning'inia kati ya sabuni na betri,
za zile pikipiki zijazo kwa meli nzima.
Yetu hakuna.
Mihogo ikapanda mgongo wa mwingine.

Ningependa angefoka.
Alikaa juu ya debe, akapangusa shingo, akasema:
“Nzuri, sikatai. Ila ni yatima.
Ikianguka njiani haina shangazi.”

Thoya hakujibu. Alikata waya, akaupima kwa mkono,
akatia risasi nchani, akapuliza.
Kazi ya saa mbili. Tulimtoza mia moja na hamsini.
Iligharimu mia nne.
Jumwa, anayetushonea viti na anatudai tangu Ramadhani,
alitazama tarakimu nikiziandika,
akageuka, akaendelea kushona.

Usiku sikulala. Nilifikiri juu ya shangazi.
Kumbe hatukuwa tukiuza pikipiki.
Mtu hununua barabara nzima:
kila kibanda, kila fundi chini ya mkanju,
kila kijana ajuaye nati ipi hulegea kwanza.
Na barabara haichomelewi Maweni.

Kulipokucha nilitia kebo tano kwenye mkoba
nikashuka Ganda, kwa yule mwenye sabuni.
“Za pikipiki gani?”
“Chozi.”
“Ziko ngapi barabarani?”
Daftari lilikuwa kwapani, sikulifungua.
“Kumi na nane.”

Hakucheka, na hilo namshukuru.
Alizihesabu, akanirudishia nne.
Akatafuta msumari, akakosa,
akauchomoa ule wa kalenda ya mwaka jana.
“Hii moja,” akasema. “Ikinunuliwa, rudi.”

Napita pale kila Jumanne.
Bado inaning'inia. Nimeipaka grisi mara mbili
chumvi isiifikie.